Safu ya Lugha: "Nimekumisi"

Kitenzi cha Kiingereza "miss", ambacho katika Kiingereza cha kale kilikuwa "missan", yaani kukosa shabaha, kilipata baadaye maana ya kuhisi pengo la mtu asiyekuwapo, na maana hii ya pili ndiyo iliyoingia katika Kiswahili cha simu na mitaani kwa sura ya "nimekumisi". Kukopa kwenyewe si kosa, kwani Kiswahili kimekopa tangu zamani. Kosa hutokea mwandishi anapotaka kulisanifu neno hilo akaandika "nimekukosa", akidhani kwamba kitenzi kimoja kitabeba maana zote mbili. Kwa Mswahili, "nilikukosa nyumbani" ni kauli ya mtu aliyebisha hodi asimkute mwenyeji, wala haina chembe ya huba. Na ikiongezwa irabu moja tu ikawa "nimekukosea", barua ya mapenzi imekwisha kugeuka ombi la msamaha.

Hisia yenyewe ina maneno yake: "nina hamu nawe" au "nina hamu ya kukuona" kwa aliye mbali, "umeadimika" au "umepotea" kwa rafiki asiyeonekana, kauli ambayo hubeba lawama kidogo ndani yake, na "shauku" pale hamu inapozidi. Aliyechelewa kituoni naye ameachwa na basi, hakulimisi. "Kukosa" na kubaki kwa shabaha, penalti na mwenyeji asiyekutwa. Anayemwandikia mpenzi wake na aandike "nina hamu nawe".