Pono na Usingizi Wake

Waswahili wana mifano mingi ya usingizi mzito. Mtu hulala kama gogo, hulala fofofo, hulala kama aliyekufa. Lakini mfano wenye chumvi ya bahari ni mmoja: fulani ana usingizi wa pono. Usemi huu umekwisha kuvuka pwani. Umepanda bara pamoja na lugha, na leo husikika kwa watu ambao bahari hawajaiona, seuze samaki mwenyewe. Mwandishi wa gazeti huisutia serikali iliyozembea, na mwalimu humtupia mwanafunzi wa kiti cha nyuma. Wala si usemi wa jana. A. C. Madan alipoitoa kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903, alimkuta pono amekwisha kulala ndani ya lugha. Swali ninalotaka kuliuliza ni hili: nani alimwona pono amelala, na alimwona vipi?

Kwanza tumjue mwenyewe. Pono ni samaki wa mwambani, mwenye magamba makubwa na rangi za kushindana na kanga: kijani, buluu, waridi, kahawia. Mahali pengine pwani jina la kangu nalo hutumika kwa samaki wa jamii hii. Alama yake kubwa ni kinywa, kwani meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Ndiyo sababu Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wote humwita samaki-kasuku. Wataalamu nao walipita njia hiyo hiyo. Peter Forsskål, aliyesafiri na msafara wa mfalme wa Denmark, alikusanya samaki wa Bahari ya Shamu kabla ya kufariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Mmoja katika pono wake alipewa jina la Kilatini lenye maana ya kasuku, psittacus. Wengine waliachiwa majina ya Waarabu wa pwani ile, ghobban na harid, na majina hayo yamo katika vitabu vya elimu ya samaki mpaka leo.

Sasa tupime. Mdomo wa kasuku huonekana popote: mnadani, jikoni, hata ndani ya chupa ya mtaalamu. Samaki akiwa maiti, mdomo wake haubadiliki. Usingizi hauonekani huko. Usingizi wa samaki huonekana baharini tu, tena usiku, tena kwa mtu aliyemwendea pale alipo. Wala si kila mvuvi angeweza kuuona. Mwenye mshipi humpata pono kwa nadra, kwa kuwa chakula chake ni mwani unaoota juu ya mawe, na chambo hakimshughulishi. Mwenye dema humkuta amekwisha kunaswa, yu macho, anahangaika. Aliyemwona amelala, kwa maoni yangu, ni yule aliyeshuka mwambani usiku, maji ya bamvua yametoka, mwenge mkononi, akachungulia katika mianya ya mawe na kumkuta ametulia kwa namna ambayo samaki wengine hawatulii. Usemi wetu ni ushahidi wa mtu huyo. Wengine walimpa samaki jina kwa umbo lake. Mswahili akamtolea mfano kwa mwenendo wake, na mwenendo haujulikani ila kwa kukaa na kiumbe karibu.

Elimu ya leo imeukubali ushahidi huo. Pono hula mchana, na jua likichwa huingia katika nafasi za matumbawe akalala mpaka kukipambazuka. Baadhi ya aina zake hutoa ute unaowafunika mwili mzima, kama mfuko mwangavu. Mwaka 2011 watafiti waliofanya majaribio huko Australia walieleza kazi moja ya ute huo: pono walioondolewa mfuko walishambuliwa mno na vidudu vya baharini vinyonyavyo damu, ilhali walioachiwa walisalimika kwa kiasi kikubwa. Watafiti wenyewe waliufananisha mfuko ule na chandarua. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo usemi umepinda njiani. Katika vinywa vya wengi pono amekuwa mfano wa mzembe, mtu asiyeamka hata kwa mambo yanayomhusu. Hilo pono hakulistahili. Mchana kutwa yu kazini. Hukwangua mwani, humeza chembe za matumbawe, huzisaga kwa meno ya kooni, kisha huzitoa zikiwa mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya miamba ya kisiwa cha Vakkaru, huko Maldivi, ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaopatikana hapo kila mwaka hutokana na pono. Mzembe gani huyo ajengaye kisiwa? Tena kwa kuupunguza mwani huyapa matumbawe machanga mahali pa kushika. Kazi hiyo ina thamani kubwa zaidi tangu mwaka 1998, ambapo joto la bahari liliua matumbawe mengi katika upande wetu wa Bahari ya Hindi.

Na usingizi uliompa sifa ndio unaomponza. Mwenye mwenge aliishia pale miguu yake ilipofika. Mwenye tochi ya kuzamia na mkuki huenda mbali zaidi, na samaki aliyelala hakimbii. Visiwa vya Pasifiki vimekwisha kuuona mwisho wa jambo hili: huko Fiji na Solomon, pono mkubwa mwenye nundu kichwani amepungua sana kwa kuchomwa usiku, na mahali pengine ametoweka. Kwetu kuna mfano wa upande wa pili. Mwamba wa Chumbe, karibu na Unguja, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na uvuvi hauruhusiwi hapo. Huko pono angali analala, na asubuhi angali anaamka.

Nasema asubuhi kwa makusudi, kwani hapo ndipo penye tofauti inayomsumbua mfasiri. Akikutana na usingizi wa pono, atauhamisha kwa Kiingereza kuwa usingizi wa gogo, kwa maana Waingereza nao wana gogo lao. Maana ya juu itapatikana. Lakini gogo haliamki. Pono amelala kwa sababu amefanya kazi, na ataamka aifanye tena. Miamba ikibaki mitupu, usemi hautakufa siku ile ile. Utaendelea kusemwa, na pono atakuwa gogo jingine, neno lisilo na samaki.

Washairi wenzangu, kina cha «no» hakijawahi kutupa taabu: neno, meno, mfano, mkono, pono. Atakayemtia samaki huyu katika ubeti wake baada ya leo, basi asimwachie usiku peke yake. Ampe na mchana wake.