K'inich Janaab' Pakal

K'inich Janaab' Pakal (603–683) alikuwa mfalme wa Wamaya katika mji wa Palenque, ulioko leo katika jimbo la Chiapas, kusini mwa Meksiko. Alitawazwa mwaka 615 akiwa na umri wa miaka 12, baada ya mji wake kushambuliwa mara mbili na utawala wa Calakmul. Katika mchongo mmoja wa ikulu, mama yake, Sak K'uk', anaonekana akimkabidhi taji.

Alitawala miaka 68, muda mrefu kupita watawala wengi wanaojulikana duniani. Alipanua ikulu na kuanza ujenzi wa Hekalu la Maandishi, lililokamilishwa na mwanawe, Kan B'ahlam.

Kaburi lake ndilo lililompa umaarufu. Mwaka 1949 mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier aliona matundu yaliyozibwa katika bamba la sakafu ya hekalu. Chini yake palikuwa na ngazi iliyojazwa kifusi, na kuiondoa kulichukua miaka. Mwaka 1952 alifika katika chumba cha kaburi: mifupa ya mfalme, barakoa ya vipande vya jade usoni, na kito cha jade katika kila mkono. Mchongo wa kifuniko cha jeneza la mawe umedaiwa kuonyesha rubani wa chombo cha angani. Dai hilo halina msingi. Mchongo huo unaonyesha mfalme kati ya kifo na kuzaliwa upya, chini ya mti mtakatifu.

Barakoa hiyo iliibwa kutoka jumba la makumbusho huko Mexico City mwaka 1985, ikapatikana mwaka 1989.