Nani Msafiri? Swali Nililolikuta Chiwata

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya safari na wasafiri. Nimetoka kusini, nako nilikuwa Chiwata, katika wilaya ya Masasi. Chiwata iko kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Upande mmoja iko nchi ya Masasi na milima yake ya mawe, na upande wa pili uko uwanda wenyewe, unaokwenda hadi Newala na kuendelea.

Sikwenda huko kwa matembezi. Nilimsindikiza kijana mmoja wa Dar es Salaam anayetengeneza filamu za mambo ya kweli, zisizo za kuigiza. Alikuwa akitafuta watu waliosafiri kwa muda mrefu, watu ambao barabara imekuwa ndiyo nyumba yao. Aliandika masharti yake kwenye karatasi, nayo yalikuwa manne. Msafiri awe ameondoka kwao mwaka mmoja au zaidi. Awe amesafiri kwa hiari yake. Awe na picha na daftari la safari. Na la nne, awe mzungumzaji mzuri mbele ya kamera.

Alikuwa amepata habari kwamba wageni wawili wa Ulaya walikuwa wanakuja kwa baiskeli, wametoka upande wa Songea na Tunduru, na kwamba wangepanda uwandani kwenda Newala. Basi tukawangoja Chiwata. Tulingoja siku ya kwanza, tukangoja ya pili. Siku ya tatu tukapata habari kuwa walifika Masasi, wakalala, kisha wakateremka moja kwa moja kwenda pwani.

Kijana akakunja karatasi yake. Akaniambia, "Mzee, tumepoteza siku tatu bure. Huku hakuna wasafiri, huku kila mtu ni mwenyeji."

Ndugu msikilizaji, neno hilo lilinichoma kidogo. Nilimwambia, "Mwanangu, funga mashine yako, kaa hapa nikueleze." Yale niliyomweleza ndiyo ninayowaletea leo.

Mwaka 1861, katika nyanda za juu za mto Shire, nchi tunayoiita leo Malawi, kulikuwa na mtoto wa Kiyao aliyeitwa Chuma. Alikuwa ametekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Msafara wake ukakutana na Dakta Livingstone na wamisheni waliokuwa pamoja naye, akafunguliwa. Tangu siku hiyo mtoto huyu hakukaa. Mwaka 1864 alivuka bahari na Livingstone hadi Bombay, akasomeshwa huko kwa muda. Akarudi naye Afrika, na mwezi Machi 1866 wakashuka Mikindani, karibu na Mtwara ya leo. Kutoka pale waliufuata mto Ruvuma kuelekea magharibi, wakiuacha uwanda huu wa Makonde kwa upande wa kaskazini.

Miaka saba walizunguka bara. Mwezi Mei 1873 Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, Zambia ya leo. Watumishi wake wangeweza kumzika na kwenda zao, wala hakuna ambaye angewalaumu. Lakini waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba. Walioongoza ni Chuma na mwenzake Susi. Katika msafara walikuwamo wanawake pia, akiwemo Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, afisa mmoja Mwingereza, Luteni Cameron, aliwashauri wauzike mwili pale pale. Walikataa. Mwezi Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Ilikuwa miezi tisa hivi ya kutembea kwa miguu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwili ukapandishwa meli, ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Katika mazishi yale alikuwapo Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesoma India na ambaye ndiye aliyekuwa mwandishi wa msafara. Chuma na Susi, waliouongoza msafara njia nzima, hawakuwapo. Walifikishwa Uingereza baadaye mwaka huo huo, tena kwa gharama ya rafiki wa marehemu, na huko wakasaidia kueleza habari za safari ili kitabu cha Livingstone kikamilike. Chama cha Jiografia cha Uingereza kikatengeneza medali kwa ajili ya watu wa msafara ule, lakini zilipokuwa tayari wengi wao walikuwa wamekwisha tawanyika.

Kijana akauliza, "Mzee, hayo yanahusu nini Chiwata?"

Yanahusu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yule aliyetafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili cha Unguja, aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa kutoka utumwani, wanaume kwa wanawake. Wengi asili yao ilikuwa bara ya kusini, upande wa ziwa Nyasa. Shabaha ilikuwa kuwarudisha kwao. Walishuka Lindi, wakatembea. Na kiongozi wa wapagazi katika msafara ule alikuwa nani? Alikuwa Chuma, yule yule.

Watu wale hawakufika Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda ardhi, wakaomba wakae, na hiyo ndiyo asili ya misheni ya Masasi. Hata hapo hawakutulia. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, na misheni ikahamia Newala, juu uwandani. Katika miaka iliyofuata vituo vilizidi kuota katika eneo hili, na Chiwata ikawa kimojawapo cha vituo hivyo vya zamani. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, unapofika Chiwata na kuambiwa "hawa ni wenyeji", kumbuka kwamba katika pande hizi uko ukoo baada ya ukoo ambao wenyeji wao ulianza kwa safari ya lazima hadi pwani na safari ya pili ya kurudi bara.

Chuma mwenyewe hakupata kuzeeka. Mwaka 1879 aliongoza msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson kwenda Nyasa na Tanganyika. Johnston alifariki njiani, lakini msafara ulikwenda ukarudi. Mwaka 1881 alirudi tena Ruvuma pamoja na Thomson, wakimtafutia Sultani Barghash makaa ya mawe. Mwaka 1882 akafa Unguja, bado kijana wa miaka thelathini na kitu.

Nikamtajia kijana na Cecil Majaliwa. Huyu naye ni mtoto wa Kiyao aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasoma Kiungani huko Unguja, kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, katika pande hizi hizi za Newala. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kuupata. Mtu aliyetolewa bara kama bidhaa alirudi bara akiwa mwalimu na kiongozi.

Halafu nikamweleza jambo ambalo mtengeneza filamu yeyote anapaswa kulijua. Kamera ya sinema haikuja kusini jana. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Lindi, akaenda Masasi, Newala na Mahuta. Vita ya Maji Maji ilikuwa haijaisha, na misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto mwaka mmoja kabla. Weule alikuja na mashine ya kupiga picha za sinema na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Shabaha yake ilikuwa kuwapiga picha wenyeji na ngoma zao.

Lakini mizigo hiyo nani aliibeba? Waliibeba wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu waliokuwa mbali sana na kwao. Mnyapara wao aliitwa Pesa Mbili. Weule aliwapa karatasi na kalamu wachore wapendavyo, naye akaichapisha baadhi ya michoro hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1908. Kati ya michoro hiyo mna ramani ya njia kuu ya misafara, imechorwa kutoka kichwani na mtu aliyeijua njia hiyo kwa nyayo zake. Weule alikuja kutazama watu waliotulia mahali pamoja, kumbe wasafiri wakubwa kuliko yeye walikuwa nyuma yake, wamejitwika masanduku yake.

Nilipofika hapo kijana alinyamaza, nami nikanyamaza. Mimi nilikuwa na sababu yangu.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwandishi mchanga, nilizungumza na mzee mmoja huku Masasi. Alikuwa amekwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge huko Tanga. Alinieleza alivyokwenda kwa miguu hadi alipopata chombo, alivyohesabiwa siku kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi ambayo hulipwi mpaka itimie, na namna miaka ilivyopita. Niliyanasa maneno yake yote kwenye kanda. Niliporudi mjini sikuona kuwa hiyo ni habari. Nilikuwa na uhaba wa kanda, nikaitumia ile ile kunasia muziki wa dansi. Nilifuta sauti ya mzee yule kwa mkono wangu mwenyewe, na nilipokuja kumtafuta tena alikuwa amekwisha fariki. Hakuna wa kumlaumu ila mimi.

Basi siku ile ya tatu, jioni, akaja bibi mmoja jirani ambaye tangu tufike alikuwa akituletea muhogo na korosho. Tulimwamkia, akaketi. Akauliza kama wageni wetu wamefika. Kijana akamjibu, "Bibi, hawakuja. Tulikuwa tunatafuta watu waliosafiri sana."

Bibi akacheka. Akasema, "Baba yangu alikwenda mkonge mimi nikiwa mgongoni. Aliporudi nilimkimbia, nikamwambia mama kuna mgeni uani."

Kijana akamwuliza alikaa huko muda gani. Bibi hakujua idadi ya miaka. Alisema tu kwamba alipoondoka yeye alikuwa hajaota meno, na aliporudi alikuwa anateka maji. Wanaojua uwanda wa Makonde wanaelewa uzito wa kauli hiyo. Juu kule maji yalikuwa mbali, yakifuatwa mabondeni, mpaka mradi wa mabomba ulipoanza miaka ya 1950. Mtoto anayeteka maji si mtoto mchanga tena.

Kijana akauliza kama ipo picha ya baba yake. Haipo. Je, aliandika lolote? Hakujua kuandika. Je, alikwenda kwa hiari? Bibi akafikiri, akasema, "Alikwenda kwa kodi." Kisha akainuka, akaenda kwake, akarudi na kopo la chai la bati. Ndani yake mlikuwa na kadi moja ya kipande, imechakaa, ina namba na alama za siku za kazi. Siku hizo zilikuwa hazijatimia 30. Bibi alisema baba yake aliitunza maisha yake yote kwa sababu bado alikuwa anadai.

Ndugu msikilizaji, tuyatazame sasa yale masharti manne. Sharti la mwaka mmoja, watu hawa wanalipita mara nyingi. Lakini hiari? Chuma alianza safari akiwa mateka, Majaliwa aliuzwa, na baba wa bibi alisukumwa na kodi. Picha na daftari? Mbali na Wainwright, ambaye shajara yake ipo mpaka leo, wengi waliandikwa na mabwana zao, tena kwa jina moja tu, kama walipata hata hilo. Kuzungumza mbele ya kamera? Wamekwisha lala. Kwa hiyo ukilifuata karatasi lile neno kwa neno, wasafiri wetu karibu wote wanashindwa mtihani, na filamu itajaa watu wenye tiketi ya kurudia.

Simlaumu kijana. Masharti yale hakuyatunga kwa ubaya, ndivyo tulivyofundishwa sote. Shuleni tulijifunza kwamba Livingstone alisafiri, na waliokuwa naye "walimsindikiza". Wala siwalaumu wale wageni wa baiskeli. Safari yao ni safari. Ninalosema ni kwamba filamu isiishie kwao. Anayetaka kuwapata wengine atawapata, lakini lazima abadili mahali pa kutafutia: kwenye vitabu vya zamani vya misheni, kwenye michoro ya wapagazi, na kwenye makopo ya bati yaliyo chini ya vitanda vya bibi zetu.

Makopo hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Bibi yule ana umri mkubwa, na wajukuu zake wako mjini. Siku ikifika, nyumba itafagiliwa, na karatasi chakavu yenye namba itatupwa jalalani pamoja na takataka nyingine, kama nilivyofanya mimi na kanda yangu.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaonisikiliza, hasa mliotoka kusini mkaja kuishi mjini. Mtakapokwenda nyumbani kwa likizo, muulizeni mzee wenu alikwenda wapi, kwa njia ipi, alikula nini njiani, na nani hakurudi. Andikeni jina, mahali na, ikiwezekana, mwaka. Simu zenu zinanasa sauti vizuri kuliko mashine yangu ya wakati ule, na kanda haiishi.

Asubuhi ya siku ya nne tulikuwa tuondoke mapema. Hatukuondoka. Kijana aliweka kigoda uani kwa bibi, akamwomba akae na kopo lake mapajani, akawasha kamera. Lile karatasi la masharti niliona amelikunja, ameliweka chini ya mguu mmoja wa kigoda kilichokuwa kinayumba.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.