Kutembea Nyuma ya Jeneza

Somo: 2 Samweli 3:31–39

Leo nataka tukumbuke pamoja safari moja fupi ya miguu. Haikuwa safari ya kwenda vitani, wala ya kurudi na nyara. Ilikuwa safari ya kwenda makaburini, na mmoja wa waliotembea nyuma ya jeneza alikuwa mfalme.

Nyumba ya Sauli na nyumba ya Daudi zilipigana siku nyingi. Siku ile ya vita vya Gibeoni, mwandishi wa Biblia alifanya jambo ambalo watu wa vita hawalipendi: alihesabu wafu wa pande zote mbili. Upande wa Daudi walikosekana watu 20, pamoja na Asaheli ndugu yake Yoabu. Upande wa Abneri walikufa 360. Baadaye Abneri alikuja kwa Daudi kutafuta mapatano, nao wakaagana kwa amani. Lakini Yoabu alimrudisha kwa hila, akamwua penye lango la Hebroni, apate kulipiza damu ya ndugu yake.

Daudi angeweza kunyamaza. Abneri alikuwa jemadari wa upande wa pili, na Yoabu alikuwa mtu wake mwenyewe. Hakunyamaza. Aliamuru watu wote, na Yoabu naye pamoja nao, wararue nguo zao, wavae magunia, watembee wakiomboleza. Yeye mwenyewe alifuata jeneza. Alilia kaburini kwa sauti, na siku ile alikataa kula mpaka jua lilipotua. Ndipo watu wakajua ya kuwa mauaji yale hayakutoka kwa mfalme. Hakuinua upanga. Alitembea na kulia mbele ya watu wote, na kwa kufanya hivyo aliyakataa yale mauaji.

Ndugu zangu, tuichukue habari hiyo twende nayo Mto Tana. Huo ndio mto mrefu kuliko yote katika Kenya. Huteremka kutoka milimani, hupita Garisa na Hola, hutawanyika katika nchi tambarare ya Garsen, kisha huingia baharini kule Kipini. Kandokando yake Wapokomo wamelima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kwa vizazi vingi. Waorma ni wafugaji, na wakati wa kiangazi hushusha ng'ombe wao mtoni kwa njia ziitwazo malka. Mkulima akiziba malka kwa shamba lake, ng'ombe hawafiki majini. Mchungaji naye akiacha ng'ombe waingie shambani, chakula cha mwaka mzima kimekwisha. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Kisha huja wenye tamaa ya ardhi na wenye tamaa ya kura, wakaupulizia ule moto.

Kanisa limekuwako huko tangu zamani. Wamisionari wa Kimethodisti waliofika Golbanti walikusudia hasa kuwahubiri Wagalla, yaani hao ambao leo twawaita Waorma. Nao Wapokomo wakaipokea Injili. Mwezi wa Mei 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo Golbanti na wavamizi wa Kimasai. Basi Kanisa la mto ule lilijua kilio tangu utoto wake. Tena halikuanzishwa kwa ajili ya kabila moja.

Na jambo jingine tusilisahau. Kila tusimamapo wima kuimba wimbo wetu wa taifa, twaimba kwa sauti iliyotoka Mto Tana, katika wimbo wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mtoto wake. Nchi nzima husimama kwa heshima kwa sauti ya mama na mtoto.

Lakini katika nchi hiyo hiyo watoto wameuawa usingizini. Mwaka 2001 damu nyingi ilimwagika. Mwaka 2012 ikamwagika tena. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa, kijiji cha Waorma, kilishambuliwa alfajiri. Waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Mapema mwezi wa Septemba kikashambuliwa Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Tarehe 10 Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani. Walikufa watu 38, na kati yao askari polisi 9. Serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, ikaunda na tume ya uchunguzi. Hata hivyo, tarehe 21 Desemba, siku nne tu kabla ya Krismasi, Kipao nacho kikashambuliwa, wakafa watu karibu 40. Kwa muda wa miezi minne watu zaidi ya 100 waliangamia, na maelfu wakakimbia makwao.

Sasa nitawaeleza jambo linaloniaibisha. Mwaka ule nilikuwa bado mwanafunzi wa chuo cha theolojia. Jumapili moja ya Septemba nilipewa nafasi ya kuongoza maombi ya watu. Nilikuwa nimesikia habari za Chamwanamuma, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Niliwaombea waliouawa huko, yatima wao, na nyumba zao zilizoteketezwa. Nilidhani nimeomba vema. Baada ya ibada mama mmoja mzee alinishika mkono, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umewaombea wa huku. Na wale wa Riketa, wao hawana mama?"

Sikuwa na jibu. Habari za Riketa nilikuwa nazo. Zilikuwa zimetangazwa majuma mawili kabla ya hapo. Nilizisikia, nikasikitika kidogo, nikaendelea na masomo yangu. Wale niliowahesabu kuwa wangu ndio walionitoa machozi. Wengine walikuwa hesabu tu katika redio. Ndugu zangu, hapo nilitambua kwamba mtu aweza kuwa mbali na panga, asimguse mtu, na bado moyo wake ukawa umejiunga na upande mmoja wa vita.

Je, watu wa Mungu wafanye nini penye hali kama hiyo? Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Katika nchi ya Waacholi, kaskazini, vita vya waasi wa LRA vilidumu karibu miaka 20. Watoto walikuwa wakitekwa usiku vijijini na kufanywa askari. Kwa sababu hiyo, kila jioni maelfu ya watoto walitembea kwa miguu kutoka vijijini hadi mji wa Gulu, wakalala barazani na katika kituo cha mabasi, na alfajiri wakarudi makwao.

Mwezi wa Juni 2003 viongozi wa dini waliamua kutembea nao. Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Kanisa Katoliki, Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa letu la Anglikana, ambaye alikuwa amestaafu, pamoja na viongozi wa Kiislamu, walichukua blanketi zao, wakaenda kulala chini pamoja na watoto wale kwa usiku nne. Hawakuwa na silaha, wala hawakupiga kelele. Walisema kwa miguu yao na kwa migongo yao kwamba watoto hawa ni wetu sote.

Huyo Askofu Ochola hakuwa mtu asiyejua uchungu. Mkewe aliuawa na bomu lililotegwa ardhini mwaka 1997. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kubaki nyumbani na kilio chake mwenyewe, ni yeye. Lakini alitoka na kwenda kuomboleza pamoja na watoto wa watu wengine, na amekuwa mmoja wa wale waliosihi sana watu wasameheane na kupatana.

Hatuna budi kusema kweli. Vita havikukoma asubuhi yake. Mapigano yalisimamishwa kwa mapatano ya mwaka 2006, miaka mitatu baadaye. Daudi naye, baada ya kumzika Abneri, alikiri kwamba wana wa Seruya walikuwa wagumu kwake, na hukumu ya Yoabu ilichelewa sana. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba machozi yachukua mahali pa haki. Mwuaji ashtakiwe, malka ziheshimiwe, na shamba la mtu lilindwe. Lakini haki itafutwayo na watu wanaowalilia wafu wao peke yao, upesi hugeuka kuwa kisasi. Yoabu naye alidhani anatafuta haki ya ndugu yake.

Basi nasema na makanisa yetu, tangu Garsen na Ngao hata Malindi, Mombasa na bara. Twajua kuandamana. Siku ya Ijumaa Kuu twafuata msalaba barabarani. Mwezi wa Agosti ukifika, twaweza pia kutembea kwa ajili ya wafu wa Tana, wala tusianze na wafu wetu. Mkristo wa Kipokomo na aanze kwa kuililia Riketa. Na akimwona jirani yake wa Kiorma akiililia Chamwanamuma, amkaribishe watembee bega kwa bega. Tusiende na panga, tusiende na bango la kulaumu, wala tusiulizane njiani nani alianza. Na kama hatuwezi kutembea barabarani, tuanze katika maombi ya Jumapili: tutaje vijiji vyote, Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao, bila kuruka kimoja.

Mwokozi wetu alifanya vivyo hivyo. Katika Luka 7 twasoma kwamba alipokaribia lango la mji wa Naini, makutano mawili yalikutana. Moja lilikuwa pamoja naye, na la pili lilimfuata kijana aliyekufa, mwana wa pekee wa mama mjane. Yesu hakuuliza kijana yule ni wa nani, wala alikufaje. Alimhurumia mama, akasogea, akaligusa jeneza la watu asiowafahamu. Pale lilipoguswa, waliolichukua walisimama.

Ndugu mpendwa, ni jeneza la nani ambalo mpaka leo hujaligusa?

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaumba watu wa mtoni na watu wa malishoni, utusamehe kwa kuwa tumelia nusu ya machozi yaliyotupasa. Utufundishe kuwahesabu wafu wote kama wewe unavyowahesabu. Uwafariji mama wa Riketa na mama wa Chamwanamuma, uwalinde watoto wao wanaolala usiku huu, na miguu yetu uiongoze katika njia ya amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.