Kutoka Tendo hadi Hoja: Historia Fupi ya Nomino na Kishazi cha "that" katika Kiingereza

Msomaji wa Kiingereza hukutana na mafungu kama "the fact that", "the idea that", "the hope that" na "the claim that" karibu katika kila ukurasa wa gazeti au wa tasnifu. Kwa sarufi za shule jambo hili ni dogo: nomino dhahania hufuatwa na kishazi tegemezi kinachoeleza kilichomo ndani yake. Makala haya yanadai kwamba udogo huo ni wa sura tu. Muundo huu una historia, na historia hiyo si ya kiunganishi "that" peke yake, bali ni ya nomino zinazokitangulia, hasa nomino "fact". Nomino ndiyo inayoamua iwapo msomaji ataalikwa kuipima kauli au ataikuta imekwisha kupitishwa kabla hajaulizwa.

Tuanze na kiunganishi, maana habari yake haina marefu. Katika Kiingereza cha Kale, þæt kilikuwa kwanza kionyeshi, mfano wa "hilo" au "hicho" katika Kiswahili. Maelezo ya kimapokeo ni kwamba sentensi mbili zilizofuatana, moja ikisema "najua hilo" na nyingine "amekuja", ziliungana, na kionyeshi kilichokuwa mwisho wa sentensi ya kwanza kikahamia mwanzo wa ile ya pili na kuwa kiungo. Uhamaji huo ni wa kukisiwa, kwa sababu hata matini kongwe za lugha hiyo zinalitumia neno hili tayari kama kiunganishi kamili. Zinalitumia pia baada ya nomino: wen, yaani tarajio, na þeaw, yaani desturi, ni miongoni mwa zile zilizoweza kufuatwa na kishazi cha namna hii. Kwa hiyo muundo wenyewe ni wa kale. Kilichobadilika ni nomino zilizokaribishwa ndani yake.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne kadhaa zilizofuata, Kiingereza kilipokea msamiati mwingi wa Kifaransa na Kilatini. "Opinion", "doubt", "argument", "conclusion", "evidence" na "possibility" zote zina asili hiyo. Nomino za kienyeji zinazoandamana na kishazi cha "that", kama vile "belief", "hope" na "knowledge", kwa sehemu kubwa hutaja hali za moyo na akili ya mtu. Nyingi kati ya zile za kigeni zilikuja na harufu ya mahakama, kanisa na chuo, yaani mahali ambapo kauli hutolewa, hupingwa na kuamuliwa.

Historia ya "fact" ndiyo yenye mafunzo zaidi. Asili yake ni Kilatini factum, jambo lililotendwa. Lilipozoeleka katika Kiingereza cha karne ya 16, neno hilo lilimaanisha tendo, na mara nyingi tendo ovu. Sheria ya Kiingereza iliuhifadhi ukale huo kwa muda mrefu: aliyemficha mhalifu aliitwa "accessory after the fact", msaidizi wa baada ya tendo. Katika mahakama hizo kulikuwa na mgawanyo wa kazi uliozoeleka, ambapo wazee wa baraza waliamua mambo ya "fact" na jaji akaamua mambo ya sheria. Tuzingatie maana ya mgawanyo huo. "Fact" ilikuwa ndilo jambo lililobishaniwa. Ililetwa na upande mmoja, ikakanushwa na wa pili, na mashahidi wakaitwa. Ingeweza kuthibitika, na ingeweza pia kuanguka.

Barbara Shapiro, katika kitabu chake A Culture of Fact kilichochapishwa mwaka 2000, ameonyesha jinsi desturi hiyo ya kisheria ilivyoenea nje ya mahakama kati ya 1550 na 1720: ikaingia katika uandishi wa historia, katika masimulizi ya safari, na katika majaribio ya kisayansi ya Royal Society, jumuiya iliyoanzishwa London mwaka 1660. Katika safari hiyo neno lilibadilika. Lile lililokuwa tendo la kuthibitishwa likawa jambo lililothibitika, na hatimaye jambo lolote lililo kweli. Kwa maoni yangu, badiliko hili la maana ndilo lililoufungulia mlango muundo tunaoujadili. Tendo lina mtendaji, mahali na saa, lakini halina kauli ndani yake. Mtu hawezi kuuliza kama tendo ni kweli au uongo, huuliza kama lilitendeka. "Fact" iliyokuwa tendo haikuhitaji kishazi cha kuijaza. "Fact" iliyo kweli hukihitaji, kwa sababu ukweli ni wa kauli. Ndiyo maana Mwingereza wa leo husema "the fact that the stone is heavy" bila kuona ajabu, ingawa jiwe halijatenda kitu.

Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 linaonyesha hatua zote mbili ndani ya hati moja. Mwanzoni, waandishi wanataja "truths", kweli zisizohitaji ushahidi, kisha wanafuatisha mfululizo wa vishazi vya "that": usawa wa watu, haki zao, asili ya serikali. Mbele kidogo wanatangaza kwamba wataleta "Facts" mbele ya ulimwengu, na hapo hakifuati kishazi hata kimoja cha "that". Hufuata orodha ndefu ya matendo ya mfalme wa Uingereza, moja baada ya jingine, kana kwamba ni mashtaka yanasomwa kizimbani. "Truths" zimebeba kauli, "Facts" zimebeba matendo. Msomaji anaruhusiwa kuyapinga matendo kwa ushahidi; kauli amekwisha kuambiwa kwamba zinajithibitisha zenyewe.

Waliokuja kuulalamikia muundo huu baadaye hawakulalamikia jambo hilo. William Strunk, katika toleo la kwanza la The Elements of Style la mwaka 1918, aliwataka wanafunzi wake waifute "the fact that" katika kila sentensi inamotokea. Sababu yake ilikuwa wingi wa maneno: palipo na neno moja linalotosha, ya nini kutumia matano? Ushauri ni mzuri kwa mwandishi wa insha, lakini ni ushauri wa mtu anayehesabu gharama ya karatasi. Wanasarufi nao walishughulika zaidi na uainishaji. Otto Jespersen aliviita vishazi hivi vishazi vya maudhui. Quirk na wenzake, mwaka 1985, waliona kwamba kishazi na nomino husimama kwa usawa, kimoja kikilieleza kingine, kwa kuwa "the belief that he is innocent" hugeuzwa bila taabu kuwa "the belief is that he is innocent". Huddleston na Pullum, mwaka 2002, walikiona kishazi kuwa kijalizo cha nomino. Mjadala huo una uzito wake katika sarufi, nami sina haja ya kuuamua hapa.

Jambo lililokuwa limefichika lilitolewa nje na Paul na Carol Kiparsky katika makala yao ya mwaka 1970, ambayo kichwa chake ni neno hilo moja, "Fact". Walionyesha kuwa baadhi ya vitenzi, kama "regret", humfanya msemaji achukulie kishazi kinachofuata kuwa kweli, na vingine, kama "claim", havifanyi hivyo. Hivyo vya kwanza hukubali "the fact that" baada yake. Vya pili huikataa. Tuchukue mfano: "The minister does not regret the fact that the school was closed." Ukanushi unagusa majuto tu. Shule imefungwa, na anayetaka kulibisha hilo atalazimika kuisimamisha sentensi nzima na kurudi nyuma.

Tangu miaka ya 1980, mradi wa COBUILD ulioongozwa na John Sinclair huko Birmingham uliwezesha nomino hizi kuchunguzwa kwa kongoo, yaani hazina kubwa ya matini halisi ndani ya kompyuta. Hans-Jörg Schmid, kwa kutumia kongoo ya maneno milioni 225, alichambua nomino 670 alizoziita maganda, kwa kuwa kila moja huhifadhi ndani yake wazo zima lililoelezwa kwingine. Biber na wenzake, mwaka 1999, walionyesha kwamba kishazi cha "that" baada ya nomino ni adimu katika mazungumzo na kimejaa katika magazeti na maandishi ya kitaaluma. Wazungumzaji hupendelea kitenzi, na kitenzi hudai kiima: lazima aseme nani anafikiri, nani anadai. Nomino humsamehe mwandishi deni hilo. "The suggestion that wages should be cut" haimtaji aliyependekeza, na wasomi, ambao wanapaswa kuwa wa kwanza kuulizana vyanzo, ndio wanaoupenda zaidi muundo unaovificha.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapoingia, maana sehemu kubwa ya maandishi ya kitaaluma tunayoyasoma na kuyafasiri yametoka katika Kiingereza cha aina hiyo. "The fact that" hufasiriwa kwa kawaida "ukweli kwamba" au "ukweli kuwa". Tafsiri hiyo huongeza uzito usiokuwamo. Kwa Mwingereza, "fact" katika fungu hili imechakaa kwa matumizi; kwa Mswahili, "ukweli" bado ni kinyume cha uongo, na atajwapo husimama kama shahidi aliyeapishwa. Na "kwamba" kina nasaba nyingine kabisa na "that": kinatokana na kitenzi -amba, kusema. Kiunganishi cha Kiingereza kilianza kwa kuonyesha, chetu kilianza kwa kunena.

Kiswahili kina njia yake yenyewe, ambayo haihitaji nomino ya kukopa. Husemwa "kule kuchelewa kwake kulimponza". Kitenzi-jina "kuchelewa" hubaki kuwa tendo, "kwake" hutaja mtendaji, na kionyeshi "kule" hulielekeza tendo kama jambo linalojulikana na wote wawili, msemaji na msikilizaji. Sentensi hiyo nayo inachukulia kwamba mtu amechelewa, lakini jina la mchelewaji limo ndani, na aliyekuwa naye anaweza kumtetea. Katika sentensi ya waziri hapo juu, mfasiri anaweza kuandika "waziri hajutii ukweli kwamba shule ilifungwa", na anaweza kuandika "waziri hajutii kule kufungwa kwa shule". Nafsi iliyoifunga haimo katika zote mbili, kama ilivyokosekana katika Kiingereza. Akiandika "kule kuifunga kwake shule", atakuwa amejibu swali ambalo matini asilia haikulijibu, na kabla ya kufanya hivyo itambidi ajue jibu.