Ngadji: ngoma ya Wapokomo isiyo na nakala

Haya wasomaji wangu, leo tuweke programu kando kidogo. Tuongee ngoma.

Juzi nilikuwa nasoma jinsi mafundi wanavyofufua piano kuukuu. Piano ya kawaida ina vibonyezo 88 na nyuzi zaidi ya 200. Fundi huunga kwa gundi mbao zilizopasuka, hubadilisha nyuzi, kisha huzikaza moja moja mpaka kila moja itoe sauti yake. Piano ya miaka mia inaimba tena! Nikajiuliza: kwetu huku Mto Tana, ala kuukuu inayongoja kufufuliwa ni ipi? Jibu halikuchelewa. Ni ngadji. Ila shida yake si nyuzi wala gundi.

Kwa wasioijua, ngadji ni ngoma kubwa ya Wapokomo, watu wa kingo za Tana hadi huku Garsen na kwenye delta. Ilipigwa kuita watu kwenye ibada, na ndiyo iliyokuwa alama ya ufalme wao. Mwaka 1902 maafisa wa ukoloni wa Kiingereza waliichukua kwa nguvu. Mwaka 1908 ikakabidhiwa British Museum, London, ikatiwa stoo. Zaidi ya miaka 100 ikapita bila Mpokomo kuitia machoni, mpaka Baiba Dhidha Mjidho alipoonyeshwa mwaka 2016.

Sasa linganisha na wimbo. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, akiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ilitafuta wimbo wa taifa. Ikachukua sauti ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, waliyoipata kwa Meza Moroa Galana. Leo watoto wa shule Kenya nzima wanaimba sauti hiyo bendera ikipandishwa.

Kwa nini wimbo ulisalimika? Kwa sababu kila mama wa Kipokomo alikuwa nakala yake. Sisi wa kompyuta tunalijua hili: faili iliyo kwenye mashine moja tu ni faili uliyokwisha kuanza kuipoteza. Ngadji ilikuwa moja.

Nami nikakimbilia dawa ya kiprogramu. Si tuipige picha pande zote, tuunde umbo lake kwenye kompyuta, kisha seremala wa Garsen achonge nyingine? Nilidhani nimemaliza kazi. Halafu nikakumbuka ugomvi wa ardhi wa huku kwetu. Fotokopi ya hati ya shamba haikupi shamba. Ngadji haikuwa sauti tu, ilikuwa hati. Ndiyo maana aliyetaka kuwatawala watu hawa aliichukua.

Basi irudishwe? Hapo kuna sheria. Mwaka uleule wa 1963, tulipopata wimbo wetu na uhuru wetu, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayowakataza wadhamini wa British Museum kutoa vitu vyake, isipokuwa kwa sababu chache sana. Njia inayotumika ni kuazimana. Mwaka 2024 Waasante wa Ghana walipelekewa vitu 32 vya hazina yao kutoka makumbusho mawili ya London. Kwa mkopo! Yaani mwenye mali anaazimwa mali yake, na tarehe ya kurudisha anapewa.

Mimi nasema irudi, na irudi moja kwa moja. Lakini tusikae tukingoja London. Piano ikifufuliwa, wapo maelfu wanaojua kuicheza. Ngadji ikishuka Garsen kesho, atakayeipiga atajua kwa masimulizi tu, na masimulizi hayo yako vichwani mwa wazee. Hiyo nayo ni mashine moja, tena haina chelezo.

Kwa hiyo wewe uliye Garsen, Ngao au Tarasaa, simu yako ina kinasa sauti. Mwendee babu, mwamkie, kaa chini, muulize aliambiwa nini kuhusu ngadji. Kisha weka nakala mbili.