Kadi za Hoki za Kanada
Kadi za kwanza za wachezaji wa hoki ya barafuni zilitolewa Kanada msimu wa 1910–11, ndani ya pakiti za sigara. Baadaye zikahamia kwenye peremende na chingamu, na watoto wakazimiliki kwelikweli: walizibadilishana, wakazifunga kwa rababendi, nyingi zikachakaa. Ndiyo maana zilizobaki nzima ni adimu. Mfano bora ni kadi ya mchezaji Wayne Gretzky iliyotolewa na kampuni ya O-Pee-Chee msimu wa 1979–80. Pambizo lake la buluu huchubuka upesi na kuacha weupe, na kwa kuwa kadi zilikatwa kwa waya, kingo zilibaki na nyuzinyuzi. Moja iliyopewa alama 10 na wakaguzi iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 3.75.